Marafiki wa Baba Hawamo Kwenye Mirathi

BARAZA LA JUMAPILI
Na Namkunda Mbwana

Mtu akifariki kwetu, kila alichokiacha kina utaratibu wake. Kwanza gharama za sanda na mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja ya mali, na kinachobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyokwisha kupangwa. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hata nguo za marehemu zina watu wa kupewa. Baba yangu alipofariki mwanzoni mwa mwaka huu, hapa Tanga, akiwa na umri wa miaka 82, mambo hayo yote yalikwenda sawasawa, na waliotusimamia nawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini kile alichokuwa nacho kwa wingi hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Baba hakuwa na mashamba wala nyumba za kupangisha. Alikuwa na marafiki.

Aliajiriwa mwaka 1963, kijana wa miaka ishirini, na Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Ulikuwa mwaka ilipofunguliwa njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, treni ya Tanga ikaweza hatimaye kwenda mpaka Dar es Salaam. Kabla ya hapo reli yetu haikuwa imeungana na ile ya Dar es Salaam. Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Baba alipelekwa mafunzoni Nairobi, akarudi akiwa gadi. Kwa vijana ambao hawakuikuta kazi hiyo: gadi ndiye aliyekuwa mwenye treni. Alikaa kwenye behewa la mwisho na bendera yake, taa yake na filimbi yake, na dereva hakuondoka stesheni mpaka apate ishara yake.

Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Hakutupiga, hakutufokea, ila akiingia tulipunguza sauti wenyewe. Nilipokuwa mtu mzima akanifanya rafiki yake. Kila Jumapili alinipigia simu baada ya kusoma safu hii, akaanza moja kwa moja na lile alilolipinga. Salamu zilifuata baadaye. Jumapili hizi simu hiyo haiji, na ninaandika nikijua haitakuja.

Siku ya hitima, watu walipokwisha kula na turubai kuanza kupungua watu, mzee mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Korogwe aliomba niitwe nje. Alikuwa stesheni masta enzi hizo. Akaniuliza kama najua baba alikuwa wapi usiku niliozaliwa. Nikamjibu kwamba alikuwa kazini, kama tulivyoambiwa siku zote. Basi akanisimulia.

Treni ya mizigo ilikuwa inapanda kwenda Moshi, baba yuko kwenye behewa lake la nyuma. Mama alishikwa na uchungu mchana, akajifungua jioni. Jirani akakimbia stesheni ya Tanga kutoa habari. Kila stesheni ilikuwa na simu ya kuiuliza inayofuata kama njia ni nyeupe, na habari yangu ikapita kwenye waya huohuo, kutoka kwa bwana huyu hadi kwa bwana yule, mpaka ikaitangulia treni yenyewe. Baba aliposhuka Mombo alimkuta stesheni masta anamngoja na taa mkononi, anacheka. Buiko wakampa hongera. Hedaru wakampakilia kuku wa kumpelekea mzazi. Alipofika Same usiku wa manane, stesheni masta wa pale, Mpare mtu mzima, akamwuliza mtoto anaitwa nani. Baba akasema bado hajalifikiria. Yule bwana akamwambia kwamba amemzika mama yake mwezi ule, na kama haoni vibaya, amwite mtoto kwa jina la marehemu. Baba akakubali palepale, akapiga filimbi, treni ikaondoka.

Mama alikuwa akiniambia tu kwamba nimeitwa jina la bibi mmoja wa Same. Nimelitumia jina hili zaidi ya miaka hamsini, watu wakinishangaa mtu wa Tanga nimelitoa wapi, nami sijui kwamba lilinijia kwa sababu mtu mmoja alikuwa na msiba na mwenzake ana furaha, wakakutana kwenye jukwaa la stesheni usiku. Sidhani baba alinificha. Nadhani kwake lilikuwa jambo la kawaida kati ya watu wa reli, halihitaji kusimuliwa. Lakini kama mzee yule wa Korogwe angepanda basi la kurudi kwao baada ya pilau, kama walivyofanya wengine, habari hiyo ningeikosa maisha yangu yote.

Ndiyo maana nasema tunakosea tunavyowashughulikia marafiki wa wazazi wetu. Tunawapa kiti cha plastiki, sahani na maji ya chupa, tunawashukuru kwa kufika, basi. Huko kunakosomwa wasifu wa marehemu kabla ya mazishi, nimeona mara nyingi mshereheshaji akitangaza kwamba muda umekwenda, hivyo marafiki watawakilishwa na mtu mmoja, tena kwa dakika mbili. Viongozi waliofika na magari hawapunguziwi muda. Marehemu mwenyewe huenda hakuwahi kukaa nao hata saa moja.

Dini yetu ililiona jambo hili mapema. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Abdallah bin Umar alikuwa njiani kwenda Makka akakutana na Bedui. Akamsalimia, akampandisha kwenye punda aliyekuwa amempanda, akavua kilemba chake akampa. Wenzake wakastaajabu: hawa ni watu wa jangwani, kidogo tu kingewatosha. Akawajibu kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake, Umar bin Khattab, na kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa wema ulio bora kabisa ni mtu kuendeleza uhusiano na wale aliowapenda baba yake. Nimesikia mawaidha mengi juu ya kuwaombea dua wazazi waliotangulia na kuwatolea sadaka. Hili la marafiki zao husikika kwa nadra, nami ningewaomba masheikh wetu walirudishe mimbarini.

Baba alikuwa na rafiki mwingine upande wa pili wa mpaka, Taveta nchini Kenya. Walisoma pamoja Nairobi. Yeye alipangiwa njia ya Voi, ile ambayo jeshi la Waingereza liliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaja kuungana na ya kwetu pale Kahe. Shirika lilikuwa moja, na baba akitaka kumwona alisubiri zamu ya Moshi. Kisha ukaja mwaka 1977. Februari Tanzania ikaufunga mpaka, katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na watu waliokuwa wafanyakazi wa shirika moja wakawa watu wa mashirika ya nchi zilizonuniana. Kutoka Moshi hadi Taveta ni karibu mno, lakini mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ulipofunguliwa, mzee huyu alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuvuka. Alifika kwetu Ngamiani na khanga za mama na sabuni za kufulia, kwa kuwa alisikia kwamba kwetu sabuni imekuwa adimu. Namkumbuka baba siku hiyo. Alimshika mgeni wake mkono, na hakuuachia mpaka chai ilipoletwa.

Madai ya wastaafu wa Jumuiya nayo yaliwafunga pamoja wengine. Mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1984 uligawanya mali na madeni, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake. Miaka ya 2000 ilipoingia, wazee wetu walikuwa bado wanakwenda mahakamani Dar es Salaam. Mzee wa Korogwe ndiye aliyetunza mafaili. Ananiambia baba alikuwa akiwalipia nauli wenzake wasiojiweza, naye akirudi nyumbani hasemi kitu. Yupo pia fundi cherehani wa mtaani kwetu, mpenzi wa African Sports, ambaye kwa mapenzi ya mpira aligombana na baba karibu kila wiki, maana baba alikuwa Coastal Union damu. Coastal walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, fundi huyu alimshonea baba kanzu, akasema amekubali kwa mwaka huo tu. Baba alizikwa kanzu hiyo ingali kabatini. Tumempa fundi mwenyewe.

Najua si kila rafiki wa marehemu huja kwa heri. Wapo wanaokuja na madai yasiyo na shahidi, na wapo wanaojua mambo ambayo familia isingependa kuyasikia. Mimi nimeambiwa mambo mawili matatu kuhusu baba ambayo sitayaandika hapa. Yamenihuzunisha kidogo, na hayakumpunguza. Mwanadamu aliyeishi miaka 82 hawezi kuwa ni wasifu wa ukurasa mmoja.

Kwa hiyo nawasihi wenye msiba mpya: simu ya marehemu msiizime haraka. Mkishatoa fedha zilizomo kwa utaratibu unaotakiwa, iacheni hewani, mmoja wenu aishike na awe anapokea. Laini ikikaa bila kutumika hufungwa, na baadaye namba hupewa mtu mwingine, kisha mzee aliyeko mbali anapiga kumjulia hali mwenzake anajibiwa na mgeni. Simu ya baba iko kwa kaka yangu. Bado wanapiga. Baadhi hawakuwa na habari, na kaka hulazimika kuwapa pole na kupewa pole kwa wakati mmoja. Mmoja alipewa taarifa, akanyamaza, kisha akaomba aongee na yeyote aliyekuwepo siku ya mwisho, aambiwe kama rafiki yake aliteseka. Hakuteseka. Alistahili kuambiwa hivyo na mtoto wa rafiki yake, kwa sauti ya mtu.

Kaka ndiye sasa anayempeleka mzee wa Korogwe kliniki ya macho. Kazi hiyo aliifanya baba, nasi hatukuijua mpaka mzee alipopiga simu ileile kuuliza miadi yake itakuwaje.

Mwezi ujao, Inshallah, tunakwenda Taveta. Mzee wetu wa kule hakuweza kuja mazikoni, miguu haimruhusu. Tutapanda treni ya Moshi pale Korogwe, kwa kuwa ya abiria ilirudi mwaka 2019 baada ya kukosekana kwa miaka mingi, kisha tuvuke mpaka kwa gari pale Holili. Nilipomwuliza kwa simu tumletee nini, alisema hataki kitu. Anataka kujua ni nani waliobaki hai kati ya vijana wa Tanganyika aliosoma nao Nairobi mwaka 1963 na 1964. Wawili nimeshawapata, mmoja yuko Tabora na mwingine Mwanza. Msomaji ambaye baba au babu yako alikuwa gadi, dereva au stesheni masta, na alipitia mafunzo hayo, naomba uniandikie kupitia gazeti hili kabla sijasafiri. Taja jina lake, mwaka aliosoma, na kama yupo, namba ninayoweza kumpata.