Mgonjwa Asiwe Kipimo cha Maji Taka ya Mombasa

Masika yanapoanza, zahanati za kisiwa cha Mombasa hujaa wagonjwa wa namna moja: watoto wanaoharisha, na watu wazima wenye homa na maumivu ya tumbo. Huwapa dawa wakapona, na baada ya majuma machache baadhi yao hurudi na maradhi yaleyale, kwa sababu walirudi kwenye maji yaleyale.

Ili kulielewa jambo hili, msomaji, itazame kwanza ardhi tunayoikalia. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, lenye matundu na nyufa tele. Maji hupenya upesi, hayapati nafasi ya kuchujika kama katika udongo mzito. Juu ya jiwe hili, nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana, karo na kisima huweza kutengana kwa hatua chache tu. Mifereji ikikauka, watu huvirudia visima hivyo, au hununua mtungi wa mkokoteni bila kujua ulijazwa wapi.

Hata maji taka yaliyobahatika kuingia kwenye mabomba hayakupata usafi uliotarajiwa. Mtambo wa Kizingo, uliojengwa kwa ajili ya kisiwa, ulikaa miaka mingi bila kufanya kazi, na uchafu ukaingia baharini jinsi ulivyo. Ule wa Kipevu uko bara, na ulikusudiwa Changamwe na vitongoji vyake.

Hatari ya karo kuwa jirani ya kisima imejulikana tangu zamani. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alitia kila kifo alama katika ramani, akaona vifo vimekizunguka kisima kimoja cha pampu katika Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba karo la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja hadi kisimani. Wakati ule hapakuwa na maabara ya kupima vijidudu vya maji. Kipimo chao kilikuwa maiti.

Sisi maabara tunazo. Kuna bakteria aitwaye E. koli, anayeishi matumboni mwa watu na wanyama. Akionekana katika maji, basi kinyesi kimefika humo, na nyuma yake huweza kuja kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini. Majibu ya kipimo hiki hupatikana kwa takriban siku moja. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka asionekane hata mmoja katika mililita 100, iwe ni maji ya chanzo cha matumizi ya nyumbani au maji taka yanayomwagwa katika mazingira.

Maji taka yenyewe pia hutoa habari mapema. Machi 2018, virusi vya polio vilipatikana katika sampuli ya maji taka ya Kamukunji, Nairobi. Hakungojewa mtoto apooze, chanjo iliandaliwa. Hiyo ndiyo faida ya kupima mfereji wa maji taka kabla ya kumpima mgonjwa.

Maoni yangu ni haya: visima vya kisiwa, midomo ya mabomba yanayomwaga baharini na fukwe ambako watoto huogelea vipimwe kila juma wakati wa mvua, na majibu yatangazwe. Yabandikwe misikitini, makanisani, shuleni na sokoni, kwa Kiswahili chepesi, kila kisima kwa jina lake. Najua wapo watakaohofu kwamba matangazo kama hayo yatawatisha watalii. Lakini wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Mlipuko wa kipindupindu huwatisha watalii zaidi kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani.

Wakati tukingoja, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Karo linyonywe kabla halijafurika, na mwenye nyumba aulize lori litaumwaga wapi uchafu huo. Mtoto akiharisha, na dawa ya pakiti ikikosekana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, katika lita 1 ya maji safi. Mnyweshe kidogo kidogo huku ukimpeleka kwa daktari.

Hayo ni ya nyumbani. Kukipima kisima na kutuambia kilichomo ni kazi ya serikali ya kaunti na shirika la maji, na kila mkaazi ana haki ya kuwadai majibu.