Alete Tani, Si Hataza

Mwandishi mwenzangu anadai kwamba kampuni ikishaingia kwenye dijitali na teknolojia ya kijani, uchafuzi unapungua wenyewe. Wenyewe? Basi atueleze habari za Google. Hao dijitali ndiyo kazi yao, na umeme safi wananunua kwa wingi. Hata hivyo, ripoti yao ya 2024 inakiri kuwa gesijoto wanazozalisha zilipanda kwa asilimia 48 kati ya 2019 na 2023. Chanzo kikubwa ni vituo vya data, seva zinazokula umeme usiku na mchana, sasa kwa ajili ya akili bandia. Sikatai kwamba seva ya leo hubana umeme kuliko ya jana. Ila kazi inazobebeshwa zimeongezeka kwa kasi zaidi, na nafuu yote imemezwa.

Na Volkswagen je? Mwaka 2015 ilibainika kuwa programu ndani ya magari yake ya dizeli, yapatayo milioni 11, ilitambua gari linapopimwa, ikadhibiti moshi. Likirudi barabarani, ikauachia. Huo nao ulikuwa ubunifu wa kidijitali, tena wa hali ya juu. Kwa hesabu ya mwenzangu, inayotazama ubunifu bila kuuliza tani za uchafuzi zilizopungua, tungewapa alama.