Vitabu Kando ya Kitanda cha Mama

Mwaka jana nyumbani kwetu Kipawa tuliahidiana kusoma vitabu 12. Mwezi Machi mama akapata kiharusi. Fedha ya vitabu ikawa ya dawa, na usiku tukapokezana kumgeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda.

Tulimaliza vitabu 4 tu. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, tulimsomea mama kwa sauti. Tulipomfikia Zakaria, yule baba wa Rosa, mama akatamka neno la kwanza tulilolielewa tangu augue: “Mlevi!”

Jirani alisema kusoma penye mgonjwa ni anasa. Sikubali. Anayeuguza naye huchoka akili. Kurasa chache zilimtuliza dada yangu kabla ya zamu yake. Mwaka huu tumepanga vitabu 6. Mama ndiye anayechagua.