Sindano zinatoka duka la dawa, zinarudi wapi?

Najua niliahidi kuwa wiki hii tungeendelea na somo la hifadhidata. Hilo litangoja. Kuna jambo limenikaa rohoni na nisipolitoa sitalala.

Mamangu ana kisukari. Anaishi Kisauni, Mombasa, na hujidunga insulini mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Mimi kama mtoto niliyesomea sayansi ya kompyuta niliona msaada wangu ni kumwandikia programu. Nikamtengenezea moja ndogo ya simu. Inamkumbusha saa ya dawa, inahifadhi vipimo vya sukari, inachora grafu, na inamwonyesha jana alidunga upande gani wa tumbo ili leo abadilishe. Hata daktari wake aliipenda ile grafu. Nikajiona fundi kweli kweli!

Ila programu yangu ilikuwa inaishia pale mama anapobonyeza "Nimedunga". Sindano ikishatoka mwilini, kwangu mimi kazi imekwisha. Mama naye alikuwa akiirudishia kifuniko, anaifunga kwenye gazeti na kuitia katika pipa la jikoni pamoja na maganda ya viazi. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi tu. Sikusema kitu.

Mwezi jana kijana anayezoa taka mtaani kwetu kwa mkokoteni alibisha mlango. Kidole kinatoka damu. Alikuwa amekandamiza gunia ili taka zitoshe, kifuniko kikachomoka na sindano ikamwingia. Akamuuliza mama kwa adabu, "Shikamoo mama. Samahani, hii sindano ni ya nini?"

Mama akamweleza kuwa ni ya sukari na kwamba nyumbani anayedunga ni yeye peke yake. Lakini kijana angejuaje? Gunia lilikuwa na taka za nyumba kumi. Wakaosha kidole kwa maji na sabuni, wakaenda hospitali saa ile ile. Kijana akaanzishiwa PEP, zile dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo sharti zianze ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28. Mama, mwanamke wa miaka 61, akaomba naye apimwe virusi hivyo pamoja na homa ya ini, ili majibu yake yamtulize mtoto wa watu. Hakukutwa na kitu. Hata hivyo kijana alishauriwa amalize dawa, maana hakuna aliyeweza kuapa kuwa sindano ile ilikuwa ya kwetu. Siku 28 za kichefuchefu huku anasukuma mkokoteni juani, na mimi nikiwa Nairobi natazama grafu nzuri kwenye simu.

Watu wataniambia hatari yenyewe ni ndogo. Ni kweli kwamba mtu akidungwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya Ukimwi, wanaoambukizwa ni takriban 3 kati ya 1,000. Lakini homa ya ini aina ya B, kwa mtu ambaye hakuchanjwa, inaweza kufika kati ya watu 6 na 30 katika kila 100. Halafu, jamani, ile asilimia ndogo haimsaidii mtu kulala usiku akingoja majibu.

Sasa nirudi kwenye lugha yetu ya kompyuta. Wanaoandika programu kwa C wanajua kanuni hii: ukiomba nafasi kwenye kumbukumbu ya tarakilishi, ni juu yako kuirudisha. Usipoirudisha, programu itafanya kazi vizuri leo na kesho. Huoni kasoro. Nafasi zinaendelea kuvuja kidogo kidogo mpaka siku moja mashine inaganda, na anayeumia ni mtumiaji ambaye hakuandika hata mstari mmoja.

Ndivyo ilivyo na sindano. Mtu anayedunga mara mbili kwa siku na kutumia sindano mpya kila mara, kama inavyotakiwa, anamaliza 730 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni 7,300, mtu mmoja tu! Hospitalini kila moja ina njia yake ya kurudi: inaingia moja kwa moja katika kisanduku maalumu kisichotobolewa, kisha inachomwa kwenye tanuri. Sindano ile ile ikivuka geti la hospitali kwenda nyumbani, inageuka taka za jikoni na safari yake inaishia jaa la Mwakirunge au Dandora, mikononi mwa watu wanaochambua taka kutafuta riziki.

Wengine watajibu, basi mgonjwa atumie sindano moja mara nyingi, zipungue. Hapana. Ncha huwa butu, ngozi inaumia, na kudunga vibaya mahali pale pale huleta vinundu chini ya ngozi ambavyo hufanya insulini iingie mwilini ovyo ovyo. Najua wengi wanarudia kwa sababu ya pesa, na mama naye amewahi kurudia. Siwalaumu. Lakini hiyo inachelewesha kuvuja tu, haizibi tundu.

Msimamo wangu ni huu: anayeuza sindano ndiye anayepaswa kuipokea ikishatumika. Na msiniambie Wakenya hatuwezi. Nani hapa hutupa mtungi wa gesi? Unapeleka mtupu, unapewa uliojaa. Soda ya chupa ya kioo vilevile, hupewi ya kwenda nayo bila kurudisha chupa au kuacha pesa. Kwa nini duka la dawa lisipokee kopo lililojaa sindano na kumpa mgonjwa kopo jipya? Ufaransa wanafanya hivyo. Mgonjwa anayejidunga nyumbani hupewa kisanduku cha manjano bure katika duka la dawa, kikijaa anakirudisha, na gharama wanabeba watengenezaji. Sisi nasi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Msingi upo, tatizo ni kwamba mama yangu akifika na kopo lake anaambiwa, "Hizo hatupokei."

Wakati tukisubiri, haya ndiyo tunayofanya nyumbani sasa:

1. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja. Kalamu ya insulini nayo haiazimwi, hata ukibadilisha sindano, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani ya kalamu.

2. Kopo liwe pale pale unapodungia. Sindano ikitoka mwilini iingie humo papo hapo. Usiizungushe nyumbani, wala usimwachie mtoto akutupie.

3. Tumia chupa ya plastiki nene yenye kifuniko cha kukaza, kama ile ya jiki au sabuni ya maji. Chupa nyepesi ya maji ya kunywa haifai, inatoboka, na isitoshe kuna mtu ataiokota akauze.

4. Andika juu yake kwa kalamu nzito: SINDANO, HATARI. Ikifika robo tatu, kaza, zungushia selotepu, usiifungue tena.

5. Uliza kliniki yako kama watakubali ikachomwe pamoja na za kwao. Sisi ya kwanza ilikataa, ya pili ikakubali baada ya mama kuketi kwenye benchi na kusema haondoki.

6. Ukidungwa na sindano usiyoijua, osha kwa maji na sabuni, usiminye wala usinyonye, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Na ile programu? Nimeongeza kitufe cha pili, "Nimeitia koponi". Asipokibonyeza, kikumbusho hakinyamazi. Ni mistari michache tu ya kodi, ningeweza kuiandika tangu siku ya kwanza. Sikuiandika kwa sababu nilimfikiria mtumiaji mmoja, nikamsahau yule anayekuja Jumamosi asubuhi na gunia.

Kijana yuko salama kwa vipimo vya kwanza, bado amebakiza vya miezi ijayo. Mama humpigia simu kila Ijumaa kumjulia hali. Nawe ukienda kununua sindano, zako au za mzazi wako, muulize muuzaji swali moja: zikiisha nizirudishe wapi? Wakiulizwa na watu wengi, watatafuta jibu.

Haya, hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.