Jumba Lisilotundikwa Picha

Tukisikia jumba la sanaa, fikra hutukimbilia kwenye kuta zilizojaa picha na sanamu zilizofungiwa ndani ya makabati ya vioo. Katika kisiwa cha Teshima, nchini Japani, lipo jumba lisilotundikwa picha hata moja. Ndani yake mna maji, mwanga na upepo, basi.

Kisiwa hicho kimo katika Bahari ya Ndani ya Seto, mkoa wa Kagawa, na wakaazi wake hawafikii 1,000, wengi wao wazee. Mgeni hufika kwa feri, kisha hupanda kilima kwa basi au kwa baiskeli ya umeme. Njiani huyaona makonde ya mpunga yaliyokatwa kama ngazi ubavuni mwa kilima, na bahari chini yake. Jumba lenyewe halijitokezi mpaka ulikaribie, kwani ni jeupe na limelala chini, mfano wa tone la maji lililotua juu ya majani.

Msanifu wake ni Ryue Nishizawa, na lilifunguliwa mwaka 2010. Urefu wake ni kiasi cha mita 60 na upana 40, lakini dari haipiti mita 4.5 kwenda juu, wala hapana nguzo. Mafundi walirundika udongo kwa umbo walilolitaka, wakamimina zege juu yake, na zege liliposhika wakauchimbua udongo na kuutoa. Darini waliacha matundu mawili makubwa ya mviringo, yasiyo na kioo. Mvua ikinyesha, huingia. Ndege akilia, husikika.

Mlangoni viatu huvuliwa, sauti hushushwa, na kamera huwekwa kando. (Kwa hilo la viatu, sisi hatutaona ugeni.) Kazi ya msanii Rei Naito imo sakafuni: vitundu vidogo mno hutoa matone ya maji, yakatambaa, yakakutana, yakawa vijito, kisha vidimbwi. Watu huketi chini wakiyatazama.

Uzuri huu, hata hivyo, una habari yake. Jina Teshima huandikwa kwa herufi zenye maana ya kisiwa cha neema. Tangu miaka ya 1970 hadi 1990, mfanyabiashara mmoja alimwaga taka za viwandani upande wa magharibi, kinyume cha sheria, na nyingine akizichoma hadharani, huku wakubwa wa mkoa wakimwachia. Kisiwa cha neema kikaitwa kisiwa cha taka. Wenyeji, wazee kwa wingi wao, wakaenda kusimama mbele ya ofisi za mkoa, siku baada ya siku. Suluhu ilipatikana mwaka 2000, na gavana akawaomba radhi. Zaidi ya tani 900,000 za taka na udongo uliochafuka zikapakiwa melini kwenda kusafishwa katika kisiwa jirani cha Naoshima, na kazi hiyo ya kuziondoa iliendelea hadi 2017.

Ndiyo maana naona si haki kumsifu msanifu peke yake. Hata yale makonde yalikuwa yametelekezwa, na wenyeji walishiriki kuyafufua jumba lilipojengwa. Lau wazee wale wangalinyamaza, ni nani angalivuka bahari kuja kuketi na kutazama matone ya maji?

Mwenye kujaaliwa kufika huko asiridhike na kilima tu. Upande wa magharibi nao wenyeji huwatembeza wageni wenye kuomba, wakawaonyesha mahali zilipolundikwa.