Mchezo wa Wanafunzi wa Makerere

Katika michezo ya kuigiza iliyopata kuonyeshwa na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mmoja wafaa kupimwa tena kwa mizani ya haki. Nao ni The Black Hermit, kazi ya James Ngugi wa Limuru, aliyejulikana baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Wanafunzi wa Makerere waliuonyesha katika jumba la National Theatre, Kampala, mwezi wa Novemba 1962, muda mfupi baada ya Uganda kupata uhuru wake.

Habari yenyewe ni ya Remi, kijana wa kwanza wa kabila lake kuingia chuo kikuu. Kwa kutii neno la baba yake amemrithi Thoni, mjane wa nduguye, kisha akakimbilia mjini. Mama yake amtaka arudi kwa mkewe, mchungaji amtaka kwa ajili ya kanisa, na wazee wamtaka awe kiongozi wao katika siasa. Hapo ndipo penye nguvu ya mchezo huu. Kijana aliyesoma ni mali ya nani? Swali hilo lilikuwamo katika kila nyumba yenye mtoto shuleni, na vijana waliosimama jukwaani liliwahusu wao wenyewe.

Kasoro nazo zimo. Remi huhubiri mno juu ya ukabila. Naye Thoni, aliye moyo wa habari yote, hapewi nafasi ya kutosha. Remi anapotambua kwamba alipendwa naye, mwanamke amekwisha kujiua.

Lakini kasoro kubwa kupita zote ni lugha. Katika kitabu chake Decolonising the Mind, cha mwaka 1986, mwandishi mwenyewe asema kwamba usemi wa mama yule wa kijijini wakumbusha mashairi ya T. S. Eliot, na wazee wa shamba wanena Kiingereza safi kabisa. Mama halisi wa Limuru, hata kama angalipata nauli ya kwenda Kampala, huenda asingaliambulia neno.

Mwaka 1977, pale Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitoa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ukachezwa na wakulima na wafanyakazi. Watu wakaufahamu, serikali nayo ikaufahamu, ikaukataza. Mwisho wa Desemba mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini pasipo kushtakiwa, akakaa huko hadi Desemba 1978.