Saratani ya tezi dume: Dawa zikigoma, uliza kabla ya kuuza shamba

“Daktari, tumeambiwa dawa za baba zimegoma. Tuuze shamba tumpeleke India?”

Swali hili naulizwa mara kwa mara na watoto wa mgonjwa, huku mzee mwenyewe amekaa kando, kimya. Huwa sijibu ndiyo wala hapana. Kwanza naomba faili.

Ndugu msomaji, kama wewe au baba yako ana saratani ya tezi dume iliyosambaa, huenda nawe ukafika siku hiyo. Saratani hii hutegemea homoni ya kiume, testosteroni, ili ikue. Ndiyo maana tangu mwaka 1941 madaktari huipunguza homoni hiyo, ama kwa upasuaji wa kuondoa korodani au, siku hizi, kwa sindano. Wengi hupata nafuu kubwa. Lakini baada ya miezi au miaka, seli za saratani huzoea kuishi na homoni kidogo sana. Kipimo cha damu cha PSA huanza kupanda, au maumivu ya mifupa hurudi. Huo ndio usugu.

Usugu hauna maana kwamba matibabu yamekwisha. Maana yake ni kwamba mpango wa matibabu ubadilishwe.

Kwanza, usugu uthibitishwe. PSA kupanda mara moja hakutoshi, kipimo hurudiwa. Testosteroni nayo ipimwe: kwa mgonjwa aliye kwenye tiba inapaswa kuwa chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Ikiwa juu, huenda dawa haijagoma, bali haikuchomwa kwa wakati. Nimewahi kumtibu mzee aliyeruka sindano yake ya kila miezi mitatu mara mbili kwa kukosa nauli, akaona aibu kusema. Huyo hakuhitaji safari ya India. Alihitaji nauli, na mtu wa kumkumbusha tarehe.

Usugu ukithibitishwa, muulize daktari bingwa wa saratani maswali haya:

Je, mzee anafaa kupewa dosetakseli? Hii ni dawa ya kemotherapi ya dripu, hutolewa kila baada ya wiki tatu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha kuwa inarefusha maisha ya wagonjwa wa aina hii. Homa wakati wa kemotherapi ni dharura, msisubiri asubuhi.

Je, vidonge kama abirateroni au enzalutamidi vinamfaa? Shirika la Afya Duniani liliingiza abirateroni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Humezwa pamoja na prednisoloni, na shinikizo la damu, potasiamu na ini hufuatiliwa. Vidonge hivi huendelea kutumika maadamu vinasaidia. Kwa hiyo ulizeni bei ya mwezi mmoja, bima italipa kiasi gani, na kama mtamudu kwa mwaka mzima.

Je, mionzi itasaidia maumivu ya mfupa? Mara nyingi dozi moja tu hutosha.

Je, kipimo cha vinasaba vya BRCA kinapatikana? Majibu yanaweza kufungua njia ya dawa nyingine, na yanawahusu pia watoto, wa kiume na wa kike.

Wakati mnatafuta majibu, msiache tiba ya homoni. Kwa kawaida huendelea hata dawa mpya inapoongezwa. Kama mzee anatumia mitishamba, semeni. Hatufukuzi mtu, ila tunahitaji kujua anachokunywa.

Akipata maumivu makali ya mgongo, miguu ikalegea au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia au kutoa haja, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kuchelewa kunaweza kumfanya asitembee tena.

Sasa niseme lililo gumu. Tiba hizi haziponyi saratani iliyofikia hatua hii. Zinaweza kuongeza muda na kupunguza maumivu, na zina madhara yake. Yupo atakayetaka kujaribu kila kilichopo. Yupo atakayechagua morfini ya maji, uangalizi wa wataalamu wa tiba shufaa, na kukaa nyumbani na wajukuu. Wote wawili wana haki ya kuhudumiwa vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mnunuzi, kusanyeni majibu yote ya PSA yenye tarehe, ripoti ya kinyama, picha na orodha ya dawa. Ombeni rufaa ya maoni ya pili Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, kwenye madaktari wa saratani na mashine za mionzi. Mkiambiwa tiba inayofaa haipo nchini, mtajua mnaifuata ipi, kwa lengo gani na kwa gharama gani.

Na kabla ya yote hayo, muulizeni mzee anataka nini. Shamba ni lake, na mwili ni wake.